Rejista ya Kompyuta: Maswali ya Wanachama wa Busia na Tororo

Ndugu wafanyakazi, madaftari yanayohusu maisha yetu sasa yamo ndani ya kompyuta: ya mshahara, ya hospitali, ya akiba ya uzeeni na hata ya chama. Wanachama wa viwanda vya saruji na sukari na wa mashamba ya miwa, pande zote mbili za mpaka, wanauliza mambo yanayofanana. Haya ndiyo yanayoulizwa sana, na majibu yake.

SWALI: Hifadhidata ya uhusiano ni kitu gani?

JIBU: Ni madaftari mengi yanayoshikana. Fikra hiyo ilitolewa mwaka 1970 na E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, Marekani. Chukua mfano wa chama. Daftari moja lina wanachama, la pili lina ada, la tatu lina matawi. Kila jambo huandikwa pahali pamoja tu, na madaftari huunganishwa kwa namba.

Faida yake ni hii. Hadi mwaka 1997, Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo; mwaka huo ikawa wilaya yake. Katika daftari la mkono, karani angepaswa kukata neno Tororo mbele ya kila jina la mtu wa Busia. Katika hifadhidata iliyopangwa vizuri, husahihisha mstari mmoja katika daftari la matawi, na kazi imekwisha.

SWALI: Mimi nina jina. Namba ni ya nini?

JIBU: Akina Wandera ni wengi, Kenya na Uganda. Tena karani mmoja ataandika Wandera, mwingine Wandela. Kwa hiyo kila mwanachama hupewa namba isiyorudiwa, nayo huitwa ufunguo. Programu ikipangwa sawasawa, itakataa watu wawili wenye namba moja, na itakataa ada ya namba isiyokuwepo.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Karani akikosea tarakimu moja, na namba hiyo ikawa ya mtu mwingine aliyeandikishwa, programu itapokea bila kunung'unika. Makato yako yataingia kwa mwenzako. Kompyuta haijui sura ya mtu.

SWALI: Programu hiyo inauzwa bei gani?

JIBU: Ziko zinazouzwa kwa fedha nyingi, na ziko programu huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha. PostgreSQL ilitokana na kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995. Tawi la chama linaweza kuzitumia bila kulipa leseni. Hata hivyo mashine, umeme na ujira wa karani havitolewi bure.

Mali huria ina nguvu nyingine. Mwaka 2009, kampuni ya Oracle ilipotangaza kwamba itanunua kampuni iliyomiliki MySQL, baadhi ya mafundi walioitengeneza walichukua maandishi yaleyale wakaendeleza programu ya pili, MariaDB. Mwenye mali alibadilika, kazi haikupotea.

Wala si mambo ya mbali. OpenMRS, programu ya kuweka habari za wagonjwa, hutumia MySQL, na ilianza kazi Eldoret mwaka 2006. DHIS2, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, huwekwa juu ya PostgreSQL. Kenya ilianza kukusanyia takwimu za afya za nchi nzima kwa programu hiyo mwaka 2011, na Uganda nayo huitumia.

SWALI: Umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kuandika?

JIBU: Ada yako huandikwa mara mbili: kwako na katika hazina. Programu hizi huweza kufunga maandishi hayo katika fungu moja, ama yote yaingie, ama lisiingie hata moja. Umeme ukirudi, hutakuta nusu ya malipo. Lakini diski ikiungua au mashine ikiibiwa, hakuna muujiza. Lazima nakala iwekwe katika jengo jingine, na mara kwa mara ijaribiwe kufunguliwa. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

SWALI: Naishi Busia ya Kenya, nafanya kazi Tororo. Namba yangu moja yatosha?

JIBU: Haitoshi. Nchi zote mbili zina mfuko unaoitwa NSSF, lakini ni mifuko miwili, sheria mbili, namba mbili. Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10. Kenya, kwa Sheria ya mwaka 2013, ni asilimia 6 kila upande, kwa mshahara wenye kikomo. Usidhani kwamba kompyuta za Nairobi na Kampala zinasomana kwa kuwa jina ni moja. Tunza namba zote mbili.

SWALI: Mwajiri hawezi kuona nani ni mwanachama?

JIBU: Katika makato ya mshahara ataona, kwa kuwa yeye ndiye anayekata. Rejista ya chama ni jambo jingine. Programu huweza kumpa kila mtu ruhusa yake: karani aandike, mweka hazina asome hesabu. Lakini mwenye neno la siri kuu huona yote. Basi wanachama waamue katika mkutano ni nani watakaolishika, wala lisikae kwa fundi wa kukodiwa. Tena Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019: una haki ya kuuliza wameandika nini juu yako, na kudai makosa yasahihishwe.

Kwa hiyo, ndugu, usingoje siku ya kustaafu. Chukua hati yako ya mshahara, uende kwa karani wa tawi na kwenye ofisi ya mfuko, ukague mambo matatu: jina, namba, na miezi iliyolipwa. Ukiona mwezi umeruka, mwone mwakilishi wako wa kazini upesi, hati ikiwa mkononi.