Kutoka Kongamanoni hadi Tasnifuni: Funzo la Utafiti wa Runyambo

Makala haya yanaeleza namna makongamano na matoleo maalumu ya majarida yanavyokuza utafiti wa wanafunzi wa shahada za juu. Mfano unaotumika ni Runyambo, lugha ya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera.

Mwaka 1991, Josephat Rugemalira, akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha makala katika juzuu maalumu ya Chama cha Isimu cha Berkeley kuhusu miundo ya lugha za Kiafrika. Aliuliza: lugha linganifu ni ipi? Swali hilo linahusu hadhi ya yambwa mbili za kitenzi kimoja. Katika Kiswahili, "Mtoto alipikiwa chakula" hukubalika, ilhali "Chakula kilipikiwa mtoto" hukataliwa. Lugha linganifu huruhusu miundo yote miwili. Tasnifu yake kuhusu unyambulishaji wa vitenzi vya Runyambo ilifuata mwaka 1993, na sarufi ya lugha hiyo mwaka 2005.

Mfuatano huu una funzo. Tasnifu husomwa kwanza na watahini wachache. Kongamano humkutanisha mwanafunzi na wajuzi wa lugha nyingine, wanaoweza kuipinga hoja yake wakati bado inarekebishika. Toleo maalumu nalo huiweka hoja hiyo kando ya nyingine za mada ileile, hivyo lugha yenye wasemaji wachache ikaingia katika mjadala wa nadharia.

Hata hivyo, ada na nauli huwazuia wengi. Idara inayomtaka mwanafunzi achapishe haina budi kumgharimia ushiriki. Vinginevyo, data za Karagwe na Kyerwa zitabaki madaftarini.