Uzi Unaposumbua Kwenye Mfarishi

Mfarishi una matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini. Cherehani huyaunganisha kwa nyuzi mbili, wa sindano na wa bobini, zinazofungana ndani ya pamba. Kabla ya kufungwa, kila kipande cha uzi wa juu hupita kwenye tundu la sindano mara nyingi, kwenda na kurudi. Hapo ndipo uzi unapochakaa, ukachambuka na hatimaye kukatika.

Mafundo yanayojaa chini ya kitambaa huwapotosha wengi. Mshonaji huona fujo chini akakimbilia skrubu ya bobini, kumbe mara nyingi chanzo kiko juu: uzi wa sindano haukuingia kati ya visahani vya kukazia. Visahani hivyo hulegea mguu wa kubana kitambaa unapoinuliwa na hubana unaposhushwa, kwa hiyo uzi hupitishwa mguu ukiwa juu. Kuutoa wote na kuupitisha upya humaliza kesi nyingi. Skrubu ya bobini ni ya kuguswa mwisho, tena kwa robo mzunguko tu. Kwenye cherehani ya kanyagio, gurudumu likirudi kinyumenyume huleta mafundo hayohayo.

Sindano namba 90, yenye unene wa milimita 0.9, hufaa uzi namba 40. Uzi namba 50, ulio mwembamba zaidi, hutosheka na sindano namba 80. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande uzi unakoingilia, la sivyo mishono itarukwa.

Uzi wa kung'aa wa metali ndio mkorofi kuliko wote. Aina nyingine ni utepe mwembamba, nao hujisokota ukivutwa kwa juu ya kibiringo. Afadhali kibiringo kisimame na kuzunguka. Uzi huo hutaka sindano ya tundu refu, mkazo uliopunguzwa na mwendo wa taratibu. Uzi wa nailoni usioonekana nao hutanuka ukijazwa kwenye bobini kwa kasi, kisha hunywea na kukunja kitambaa. Pasi ya moto huuyeyusha.

Meno yanayosukuma kitambaa yakishushwa ili mikono iongoze maua na mizunguko, tatizo huhamia kwenye mwendo. Mikono ikiharakisha penye kona, uzi wa bobini hunyooka na vitanzi vya uzi wa juu hutokeza chini kama kope. Kuvuta kitambaa pia hupinda sindano ikagonga bamba, na mkwaruzo uliobaki kwenye tundu la bamba utaendelea kukata uzi hata sindano mpya ikiwekwa. Msasa laini huondoa mkwaruzo huo.

Jaribio la mkazo hufanywa kwenye vipande vyenye pamba ileile, kwa nyuzi za rangi mbili. Rangi ya bobini ikichomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno na ulegezwe. Rangi ya juu ikionekana chini, ukazwe kidogo.