Kanda za Sikinde, Sulimaniyah

Mhariri alipotaka makala kuhusu muziki wa zamani, tulijua pa kwenda: kwa baba mdogo wa mmoja wetu, Sulimaniyah ya Jeddah. Ziko Sulimaniyah mbili, wasomaji. Wengine wetu tumekulia ile ya Riyadh, upande wa mtaa wa Tahlia, na kutoka huko hadi hii ya Jeddah, yenye Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz na stesheni ya treni ya Haramain, ni zaidi ya kilomita 800. Ba'mdogo ni dereva. Kabla ya Jeddah alikuwa kijana wa Magomeni, Dar es Salaam, na kazi yake kubwa, kwa maneno ya dada zake, ilikuwa kuifuata Sikinde.

Kwa wanachama wapya: Sikinde ni Orchestra Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 katika baa ya jina hilo. Miongoni mwa waanzilishi alikuwemo Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa amepitia NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyozaliwa mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1983 Mlimani Park ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park. Bendi kila moja ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ndio jina ambalo wapenzi walilitumia. Ukiulizwa wewe ni wa Msondo au wa Sikinde, ni kama kuulizwa Simba au Yanga.

Ba'mdogo alianza kuifuata wakati mafuta ya magari hayapatikani. Baada ya vita vya Kagera kila kitu kilikuwa cha foleni, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Bugi nalo lilikuwa Jumapili mchana. Basi vijana walikwenda kwa miguu, viatu mkononi visichafuke, wakavivaa mlangoni. Bendi iliposafiri mikoani naye alisafiri. Mara moja alikwenda Morogoro juu ya lori, akafika kavaa vumbi tupu, akaoga bombani nyuma ya ukumbi, akaingia kucheza. Alirudi Jumanne. Kazi hakuikuta.

Tulimwuliza kama ilistahili. Alitutazama kama watu wasiojua muziki, kisha akatueleza jinsi wimbo unavyojengwa. Kwanza hadithi: waimbaji wanasimulia taratibu, magitaa yakijibizana chini yao, na watu wanacheza kwa adabu huku wakisikiliza nani kaachwa na nani kaandika barua. Halafu tarumbeta na saksafoni zinaingia, tumba inapanda, na wimbo unageuka kuwa chemko. Hapo ndipo wenye pesa wanapanda jukwaani kumtunza mwimbaji, noti kwenye paji la uso. Yeye hakuwa na noti. Alijua kila ubeti, na anasema waimbaji walimjua kwa hilo.

Kisha ukaja mwaka 1985. Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar waliondoka wakaenda Orchestra Safari Sound, mtindo wa Ndekule. Wanamuziki wa bendi hizi walikuwa waajiriwa wa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, kwa hiyo anayepata maslahi bora alihama na sauti yake tu, gitaa likabaki. Swali la mpenzi lilikuwa gumu: unamfuata mtu au unabaki na mtindo? Rafiki yake wa tangu shule ya msingi alimfuata Gurumo. Ba'mdogo alibaki. Hawakusemezana mwaka mzima, na hata sasa anaposimulia hasemi kwamba rafiki yake alikuwa na haki. Sisi tunadhani alikuwa nayo kidogo, ila hatukuthubutu kumwambia.

Kwetu faida kubwa ya ziara hii ilikuwa lugha. Kiswahili tulichopewa nyumbani ni cha kula, kulala na kusalimia wageni. Namna ya kuomba talaka kwa heshima, au kumsema jirani kwa fumbo asipate pa kukamatia, hiyo iko kwenye kanda.

Kanda zenyewe ni kumi na moja. Nchini hakukuwa na kiwanda cha kutoa sahani. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na mpenzi alingoja wimbo upigwe ili aunase kwenye redio kaseti yake. Alizileta Saudia ndani ya begi la nguo. Huku miaka mingi hakukuwa na matamasha ya hadhara. Mohammed Abdu alipoimba Jeddah Januari 2017 ilikuwa habari ya mji mzima. Sikinde ilipigwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Ndani ya gari hilohilo alipokea simu ya kifo cha Gurumo, Aprili 2014.

Joto limeziharibu tatu. Nane tumezinakili kwenye kompyuta ya chama. Katika moja, chemko likiwa limepamba moto, inasikika sauti ya mama yake, marehemu sasa, ikimwita akale wali kabla haujapoa. Mmoja wetu alitaka kuikata ili wimbo usikike vizuri. Ba'mdogo alikataa, akaomba turudishe nyuma, tupige tena.