NANI MHESHIMIWA NYUMBANI MWAKO?

Mama msomaji, ni mara ngapi kwa wiki unalisikia neno "Mheshimiwa"? Redioni ni Mheshimiwa Mbunge, mahakamani ni Mheshimiwa Hakimu, na arusini diwani hakaribishwi kabla neno hilo halijatangulia. Hata mume akichelewa kurudi, wengine wetu humtania: "Mheshimiwa, chakula kimepoa!"

Tulichambue kidogo. Heshima huzaa kuheshimu, na kuheshimu huzaa kuheshimiwa. Mheshimiwa basi si mwenye fedha wala mwenye gari. Ni mtu anayeheshimiwa na wenzake. Heshima hiyo hupewa na wengine, mtu hawezi kujivika mwenyewe.

Hapa Tanzania neno hili halikutamba hivi siku zote. Katika miaka ya Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiongozi na mkulima wote wawili waliitwa Ndugu. Ilipofika miaka ya 1990, Ndugu akaanza kusogea pembeni na Mheshimiwa akaketi mbele.

Si vibaya kumpa kiongozi heshima yake. Tunalojiuliza ni hili: tukishampa yeye, wengine tunawabakizia nini? Siku moja diwani alitutembelea. Tulimfutia kiti kwa khanga: "Karibu, Mheshimiwa!" Papo hapo tukamgeukia msichana wa kazi: "We! Chai iko wapi?" Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake alimpita bibi muuza maandazi bila shikamoo. Tulipomkemea, akauliza, "Kwani na yeye ni Mheshimiwa?"

Tulikosa la kujibu. Hakufundishwa na mtu mwingine, alitusikia sisi. Jioni ile tulimwomba msichana radhi, mtoto akisikiliza.

Katika 1 Petro 2:17 mtume anaagiza tuwaheshimu watu wote, na mfalme anatajwa mwishoni. Basi tuanzie jikoni. Msichana wa kazi aitwe kwa jina lake, aambiwe "tafadhali" na "asante". Mzee apewe shikamoo, awe ameketi mbele au amejitwika beseni la maandazi. Na baba akitaniwa Mheshimiwa mezani, mama naye asisahauliwe.

Ubunge una muhula wake, na kiti huenda kwa mwingine. Lakini mtoto aliyezoea kuheshimu watu ataondoka na mazoea hayo hadi nyumbani kwake mwenyewe.