Usimuite Masokisti

Dem amechapwa na chali wake, akatoka, halafu wiki imeisha amerudi kwake. Hapo ndo utaskia msee wa base amedai: "Huyo ni masokisti, anapenda kuchapwa." Wasee wanacheka, story inahamia kwa mpira. Hiyo maneno huniwasha vibaya sana, juu imeshawahi kuumiza wasichana wengi.

Cheki venye ilianza. Marquis de Sade alikuwa sonko Ufaransa. Pasaka ya 1768 alipata mresh anaomba doh kwa streets za Paris, anaitwa Rose Keller. Akamshow kuna kazi, akampeleka hao yake ya Arcueil, akamfungia na kumchapa viboko. Rose akatorokea dirishani. Hapo hakuna mtu aliulizwa kama anataka. Jina la huyo buda ndo lilizaa usadisti, kuskia raha mwenzako akiumia.

Sasa Leopold von Sacher-Masoch, mwandishi wa Lemberg, place sai inaitwa Lviv, Ukraine, story yake ni tofauti kabisa. 1869 yeye mwenyewe alisaini mkataba na Fanny Pistor ati atakuwa mtumwa wake miezi sita. Na mkataba ulikuwa na mipaka: masaa sita kila siku ni ya kazi yake, na Fanny asisome barua wala maandishi yake. Mwisho wa miezi, kila mtu ana njia yake. Around 1890, daktari wa akili Richard von Krafft-Ebing alichukua jina lake akaligeuza kuwa jina la ugonjwa, umasokisti, na jamaa bado alikuwa hai, alidedi 1895. Hiyo haikuwa poa hata kidogo.

Siku hizi madaktari wamebadilisha rada. Kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani cha 2013 kinasema watu wazima wakikubaliana, na hakuna mtu anateseka moyoni, huo si ugonjwa. Shida ni ukimfanyia mtu hajakubali. Na kukubali ukiwa unaogopa kufungiwa nje usiku na mtoi mgongoni, zii, huko si kukubali.

Lakini hii ndo part wasee wa base hawajawahi skia. Miaka ya 80, madaktari fulani wa huko huko Marekani walitaka kuweka "tabia ya kimasokisti" kwa hicho kitabu kama ugonjwa. Wanawake, wakiwemo wanasaikolojia, wakawaka. Walisema mresh anayechapwa nyumbani atapelekwa kwa daktari aambiwe shida ni yeye, na mwenye ngumi aende zake. Walikuwa right. 1987 ikabadilishwa jina na kusukumwa huko nyuma kwa viambatisho, na 1994 ikatolewa mazima.

Dem anarudi juu rent iko kwa jina la chali. Anarudi juu ya watoi, juu mathe wake amemshow avumilie, juu ameambiwa akitoka atauliwa. Sijaona raha hapo.

So akirudi tena, muulize kama leo ako na pahali pa kulala, na umuachie 1195, namba ya Kenya ya kusaidia wanaochapwa nyumbani. Ni ya bure, wanashika simu mchana na usiku.