Simamisha Gita, Nijitaje

Jumamosi usiku Kondele, Kisumu, wewe ngoja tu. Bendi imeshika, solo inalia huko juu, mbogi imeloa jasho, halafu msee mmoja anaamka kwa meza yake polepole na thao mkononi. Anapanda steji. Gita zinanyamaza. Anashika maiki anaanza kujimwagia sifa: yeye ni nani, mamake ni wa wapi, mabeshte wake ni kina nani, na venye dem wake amepita madem wote wa huu upande wa ziwa. Meza yake inapiga nduru. Noti inazama mfukoni kwa msanii, dramu inaingia, watu wanarudi kudunda.

Hiyo ndio pakruok. Na kama ulidhani kutajwa kwa ngoma kuliletwa na madijei wa matatu, omera, umechelewa sana. Hata kabla gita zifike Nyanza, mzee wa nyatiti alikuwa anasimamishwa hivyo hivyo. Cheki hiyo ala vizuri: nyuzi 8, njuga mguuni, pete ya chuma kwa kidole cha mguu ikigonga mbao. Msee mmoja, bendi nzima.

Benga, muziki wa Waluo, ilichukua hayo maujanja yote ikayaweka kwa gita. Ndio maana solo ya benga haipigi makodi mazito. Inadonoa noti mojamoja mbio mbio, mwimbaji akinyamaza inakimbia nayo, besi ikiirukia kwa nyuma. D.O. Misiani, mtu wa Shirati hapo ng'ambo Tanzania, alianza kuivumisha na Shirati Jazz miaka ya 1960. Huyo buda hakuwa wa kubembeleza madem pekee. Alirushia serikali mafumbo hadi akaonja seli, na si mara moja. Ajali ya barabarani ndio ilimmaliza, hapa hapa Kisumu, 2006. Mpaka Zimbabwe benga ilifika, na huko wakaipa jina la produsa wetu, Oluoch Kanindo. Wao wanaiita kanindo tu.

Lakini wangu mimi ni Okatch Biggy. Alituacha 1997, na bado hakuna sherehe inaisha bila yeye. Angalia tu majina ya ngoma zake: Adhiambo Nyakobura, Nyathi Nyakach. Kobura iko kwa tambarare za Kano, upande wa Ahero kwenye mchele; Nyakach ukizidi kusonga kusini. Ukizijua hizo ngoma huhitaji ramani. Na nina hakika kuna mathe mahali husmile kila ngoma yake ikipigwa.

Siku hizi mayut wanasema benga ni ya mabuda, halafu msanii Prince Indah akitua mtaani ni hao hao wanasukumana getini. Sawa tu.

Mimi pia nilijaribu pakruok, mara moja. Nilikuwa na soo mbili. Msee wa maiki akaiangalia ile pesa, akaniangalia, akanipa maiki bila kusema kitu. Nikataja jina langu. Nikataja la budangu. Ndio nafungua mdomo nifike kwa kina mathe, dramu ikaingia.