Mlinzi wa Lango Asiseme Uongo

Askari aliye likizoni kwake Bugembe, kando ya barabara iendayo Iganga kutoka Jinja, aitafuta kwa simu fomu ya mwanawe ya kuomba kazi. Mwisho wa kupeleka ni kesho, na faili limekwisha ondolewa. Je, seva imjibu nini?

Seva ni kama mlinzi wa lango. Kwa kanuni za HTTP, toleo la 1.1 la mwaka 1997, kila jibu hutanguliwa na namba. 200 maana yake kilichoombwa kimepatikana, 404, hakikuonekana, 410, kimeondolewa kabisa, 301, kimehamia anwani nyingine.

Katika programu ya Apache, fundi huandika amri hii: ErrorDocument 404 /hakipo.html. Katika Nginx: error_page 404 /hakipo.html; na alama hiyo ya mwisho isisahauliwe. Hapo mwombaji hupewa maelezo ya heshima: faili halipo, na ofisi ya kuulizia ni fulani.

Lakini jihadharini. Katika Apache, ukurasa huo ukitajwa kwa anwani kamili ianzayo na http, seva humwelekeza mgeni kwingine, na namba 404 hupotea. Mitambo ya utafutaji hudhani yote ni sawa, ikaendelea kuwaelekeza raia kwenye ghala tupu.

Mlinzi asemaye "hakuna" humwokolea mtu muda. Asemaye "pita" bure humpotezea siku. Basi mafundi wa mawasiliano, zijaribuni seva zenu: ombeni faili lisilokuwapo, kisha isomeni namba inayorudi.